Lidwina na Kompyuta Zisizosemezana

Jumatatu, 3 Juni 2024
Binti yangu amezipatanisha kompyuta za hospitali! Haya, daftari langu, hujambo – furaha imenipeleka mbio.

Ni hivi. Maabara wana programu yao, wodini wana yao, hazisemezani. Majibu ya damu yanabebwa kwa karatasi, wagonjwa wanangoja. Lidwina kaweka programu ya katikati: inapokea ujumbe wa maabara, inaufikisha wodini. Nikasema, basi huyo ni mshenga! Akacheka, ndiyo mama, mshenga. Tumbo hili lilizaa!

Jumatano, 5 Juni
Majibu matatu yamepotea. Kompyuta ya wodini ilizimika, ilipowaka hayapo. Mganga mkuu kasema yakipotea tena siku ya majaribio, Jumanne ijayo, tunarudi kwenye karatasi. Na mkataba wa Lidwina basi. Kande hakugusa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetengeneza kompyuta! Mimi, wa darasa la saba!

Nilikuwa napukuchua mahindi, yeye analalamika: ikishatuma tu, inafuta ujumbe. Nikamwambia, inafuta kabla ya kujibiwa? Mshenga gani huyo! Wa marehemu baba yako alipokuja kwetu Maposeni alimkosa babu yako, yuko shamba. Aliondoka na posa yake, akairudisha kesho yake, na keshokutwa, mpaka mzee akatamka: nimepokea.

Kanikodolea macho. "Mama! Hebu rudia." Nikarudia. Kaacha chai, huyo kwenye laptop. Sasa ujumbe haufutwi mpaka wodi iseme nimepokea.

Jumamosi, 8 Juni
Wamezima kompyuta ya wodini makusudi mara tano. Majibu yote yamefika! Ila moja limefika mara mbili. Lidwina hana raha – muuguzi atadhani mgonjwa kapimwa upya. Kasema, mama, usimwambie mtu kwanza.

Nimeshasema! Asubuhi, jumuiyani, baada ya rozari. Devota jirani kanichokoza: huyo mwanao wa mashine, tutamwona lini? Nikawaalika wote kwenye majaribio. Ulezi wa togwa nimeshauloweka.

"Mama! Ni hospitali, si kipaimara!"

Sasa nifanyeje? Kitenge kipo kwa fundi. Yuko mezani anatafuta hilo la mara mbili, hanisemeshi, ila uji kanywa. Ataliona tu, ni wangu huyo! Mganga mkuu anakuja, masista, jumuiya nzima, mdogo wangu Lukresia na watu wa Maposeni – Jumanne, saa tatu asubuhi.