Kanzu ya Mgeni wa Heshima

Jumatano, 3 Julai

Kwa majonzi makubwa natangaza: koti langu la maabara leo limekataa kufungika. Kifungo cha tatu kimeruka na kutumbukia kwenye ndoo ya maji. Hakuna majeruhi. Mke wangu amearifiwa na amecheka vya kutosha.

Chama cha kemia kimefanya mazoezi ya Siku ya Wazazi. Mwenyekiti wetu, Mwanasiti wa Kidato cha Tatu, hana mchezo. Kitambaa cheupe kinachovywa kwenye bizari, kinakuwa manjano. Ukikirashia maji ya magadi, chekundu kama damu. Ukikikamulia ndimu, manjano tena. Kuna waganga wanakula kuku wa watu kwa hilo hilo. Mwanasiti anataka wazazi wajionee, kisha aende nalo mashindano ya sayansi ya kaunti, tarehe kumi na tisa. Hakuna msichana wa shule yetu aliyewahi kufika huko.

Maji ya magadi tutayarashia kwa mrashi, kile chombo cha shingo ndefu cha kunyunyizia marashi. Nimeuazima wa mke wangu, ule wa harusi yetu.

Jumamosi, 6 Julai

Aibu. Hasira. Sijui nianzie wapi.

Mgeni wa heshima alifika na kanzu yake ya krimu. Mwanasiti akampokea kwa mrashi, kama wageni wanavyopokewa huku kwetu. Akamrashia kifuani. Badala ya marashi, yakatoka maji ya magadi. Na ile kanzu, maskini, ilikwisha hudhuria biriani nyingi, na bizari haitoki yote hata ufue vipi. Madoa mekundu yakachipuka mbele ya wazazi wote.

"Damu! Yallah, kapigwa kitu!" mama mmoja akapiga ukelele. Viti vikaanguka. Mwanasiti akauachia mrashi akakimbia.

Walimrudisha amekunja ngumi. Naibu wa mwalimu mkuu akashika kipaza sauti: "Asiye na hatia hakimbii! Na ngumi kakunja!" Utundu uliopangwa, alisema. Onyesho likafutwa. Nami nimesimama kando ya Mwanasiti na koti lisilofungika, kama mnazi uliokatwa kichwa.

Jumapili, 7 Julai

Nimemkasirikia kila mtu. Mgeni: mtu mzima unatokaje na biriani ya mwaka juzi kifuani? Naibu: hajui bizari wala magadi, anajua kipaza sauti tu. Mke wangu: ameuliza mrashi wake uko wapi. Umebonyea shingo. Nikamfokea. Akaenda kuanika nguo.

Jumanne, 9 Julai

Mwanasiti amerudishwa kwao wiki mbili. Kabati la kemikali limetiwa kufuli. Mashindano ndiyo yanampita hivyo.

Nimegonga meza ya naibu mpaka chai ikamwagika. Nimemwambia anamwonea mtoto wa watu. Akapangusa chai taratibu.

"Sawa, Mwalimu Hamisi. Basi niambie wewe, ule mrashi ulijazwa na nani?"

Nikasema, chama. Chama ni neno pana. Watu wengi huenea ndani yake.

Nimetoka na hasira. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 11 Julai

Dawati la mbele tupu. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wewe waamini alikusudia?"

Nimewapa zoezi la kurasa mbili. Hovyo. Mimi, si zoezi.

Jumamosi, 13 Julai

Yaliyotokea hasa ni haya.

Mrashi niliujaza mimi, nyumbani, asubuhi ile. Sikuuwekea alama yoyote. Nikautua kwenye meza ya mapokezi kwa sababu iko mlangoni, nami nilikuwa mvivu wa kufika jukwaani. Mrashi wa marashi ulikuwa bado ofisini. Mwanasiti aliniuliza, "Mwalimu, huu ndio wa wageni?" Nilikuwa nikiwasimulia wazazi wawili jinsi nilivyokiasisi chama hiki peke yangu. Nikatikisa kichwa, ndiyo, bila kugeuka.

Kisha nikanyamaza siku sita.

Jana nilimpa naibu barua. Aliisoma mara mbili. Mwanasiti arudi Jumatatu; adhabu yangu itafuata. Lakini jina lake lilikwisha ondolewa kwenye mashindano, na orodha imefungwa. Mwaka huu basi.

Leo nimekwenda Kombani, kwa mama yake anayeuza muhogo sokoni. Nimelisema lote, mbele yake na mbele ya binti. Mama hakuacha kumenya.

"Wiki nzima, mwalimu. Ulimi nao ulikuwa umemwazima nani?"

Nikamwomba radhi Mwanasiti. Akaitika kwa adabu, macho chini. Halafu nikamwuliza lile lililokuwa likinikera: kwa nini alikimbia?

"Nilikwenda jikoni kutafuta ndimu, mwalimu. Doa lingerudi manjano pale pale."

"Ukaikosa?"

"Niliipata."

Ilikuwa ndani ya ile ngumi. Aliibana muda wote naibu alipokuwa akimfokea, akingoja mtu amwulize ameshika nini. Mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote.

Mama amenifungia muhogo kwenye gazeti. Nimeupokea.