Gagulo Langu Kwenye Begi la Mkwe

Mwanangu Bhoke,

Usishtuke kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Simu inakula maneno, na wewe nawe una tabia ya kunikatiza. "Mama, mtandao unasumbua," kumbe mtandao ni mzima, mboga ndiyo inaungua. Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Tena barua hii naiandika wazi kabisa, wenzangu wa kanisani waisome, majirani wa hapa Turwa waisome. Watacheka, sijali. Walau wajue mtoto niliyemzaa na mkwe niliyepewa.

Huku hatujambo. Baba yako yupo, mgongo unamuuma akiambiwa shamba, akisikia mnada wa ng'ombe unapona. Mahindi yamenipita kimo mwaka huu, na nasema bila aibu kwamba hakuna shamba linalofanana na langu kuanzia barabarani mpaka mtoni. Jana nilikuwa nimekaa nje nachambua maharage, nikaikumbuka ile safari yetu ya Songea, nikaanza kucheka peke yangu. Baba yako akachungulia dirishani.

"Wewe mama, una nini?"

"Niache. Niko uwanja wa ndege."

Akaondoka. Ameshanizoea.

Unakumbuka ulivyokuja na mizani? Ile ya kuning'iniza ambayo baba yako anapimia kahawa. Uliitundika kwenye boriti ya jikoni, ukasimama chini yake umeshika kiuno kama bibi afya. "Mama, tunakwenda mwezi mzima, lakini kila mtu begi moja dogo, lile la kuingia nalo ndani ya ndege. Kilo saba. Mzigo wa chini unalipiwa, na hatulipii."

Nikakuambia, "Kilo saba ni mtoto mchanga, Bhoke. Huo si mzigo."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Niende kwa wakwe mara ya kwanza, mwezi mzima, na kibegi cha shule? Si watasema nimefukuzwa nyumbani?"

Ukanifundisha kukunja nguo kwa kuzisokota kama chapati, ukasema vitenge viwili vinatosha, nguo nzito nizivae mwilini, nyingine tutafua hukohuko. Nilikusikiliza kwa sababu wewe ndiye msomi wangu, na nimewaambia watu wote wa mtaa huu kwamba Bhoke akisema jambo, limesomewa. Ila kwenye unga nilikataa. Mwanamke wa Kikurya haingii kwa wakwe mikono mitupu. Nilikuwa nimesaga unga wa ulezi na muhogo kwa ajili ya mama yake Kaspari, nikausukumiza kwenye begi, mizani ikashuka puu! Ukatoa nguo zangu. Nikazirudisha. Ukazitoa tena. Mwisho ukasema, "Sawa mama, nguo zako nitajua pa kuziweka." Nikadhani unaziweka kwenye begi lako.

Ulikuwa umezitia kwenye begi la mumeo.

Sasa kwa anayesoma na si wa kwetu, ngoja nimweleze. Huyo Kaspari ni mume wa Bhoke, Mngoni wa Songea, fundi wa mitambo, mrefu, mpole. Na sisi Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mama halali nyumba anayolala mkwe. Kamba ambayo nguo za mama mkwe zimeanikwa, mkwe anapita upande mwingine. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo mama yangu alivyoishi mpaka akafa.

Kaspari hakuyajua hayo. Siku ya kwanza ulipomleta hapa nyumbani alinyoosha mkono, "Shikamoo mama!" Mimi nikajifunika kanga, nikapita nyuma ya jiko, nikaenda kusimama migombani mpaka jioni. Akabaki na mkono wake hewani kama mtu anayesimamisha bodaboda. Na ulipojifungua Gati kule Mwanza, alininunulia godoro jipya. Nikalikataa, nikaenda kulala kwa jirani yenu siku zote nilizokuwa nakukanda. Chakula nilikula jikoni. Akiingia, natoka. Akikohoa uani, najifungia.

Uliniambia baadaye kwa simu, ukicheka. "Mama, mume wangu anasema humpendi. Ananiuliza kama ni kwa sababu yeye ni Mngoni." Ulicheka, lakini mimi nimekuzaa, najua kicheko chako. Kile hakikuwa kicheko. Ukaniomba, "Msogelee hata kidogo, mama. Yeye si wa huku." Nikakujibu siwezi. Nikakata simu nikakaa na hilo jambo kifuani. Nilijua unalala na mtu anayeamini kwamba mama yako anamdharau, na kwamba iko siku atachoka. Na ile safari nzima, usifikiri sikukuelewa, uliipanga ili tuwe ukoo mmoja kabla hajachoka.

Basi tukafika uwanja wa ndege Mwanza, tupitie Dar. Mimi nimevaa gauni, juu yake vitenge viwili, juu yake sweta, juu yake koti la baba yako, nimeshindiliwa kama gunia. Jasho linanitoka lakini natembea kifua mbele, maana kwenye basi zima tulilotoka nalo hapa Tarime hakuna mama mwingine aliyekuwa anakwenda kupanda ndege, niliuliza. Begi langu likapita kwenye mashine. Lako likapita. La Kaspari likasimama.

"Hili begi la nani?" yule binti wa ukaguzi akauliza.

"Langu, dada."

"Lina kisu."

"Kisu? Mimi sina kisu."

"Fungua."

Kisu kilikuwa changu. Tangu usichana sisafiri bila kisu changu kidogo cha kumenyea muhogo, nacho nakiviringisha ndani ya gagulo ili kisitoboe vitu. Nilikuwa sijaelewa bado. Nilisimama pale nikimwonea huruma mkwe wangu, nikijisemea kumbe hata watu wapole wanatembea na visu. Halafu yule binti akaingiza mkono, akavuta, akainua juu kama bendera. Gagulo langu la njano, lile nililolidarizi mwenyewe pindoni.

"Kaka, na hili nalo lako?"

Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Jamaa mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Mwacheni mwenzenu ajisitiri, Dar kuna baridi!"

Bhoke, nilikaa chini palepale sakafuni, nikajifunika kanga uso mzima. Nguo yangu ya ndani, mbele ya mkwe wangu, kwenye begi lake, imelala na mashati yake. Nikakuambia, "Nirudishe nyumbani."

"Mama, simama. Watu wanatutazama."

"Watazame. Umeniua. Unga wapelekee wewe."

"Mama, jamani, ni gagulo tu!"

Ulikuwa unacheka, halafu nikasikia hucheki tena. Ukapiga magoti karibu yangu, ukaninong'oneza kwa Kikurya, "Mama, ukirudi leo, mimi nitamwambia nini?" Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshaamua kurudi. Nilikuwa nahesabu tu kama basi la mchana nitalipata.

Ndipo nikasikia sauti ya mkwe wangu. Hakupiga kelele.

"Dada, hizo nguo ni za mama mkwe wangu. Mimi siruhusiwi kuziona. Kisu chukua. Kagua begi lote, ukimaliza mpe mke wangu alifunge."

Nikachungulia kwa jicho moja pembeni ya kanga. Kaspari alikuwa ameigeuzia meza mgongo. Amesimama uso kwenye ukuta, Gati kambeba begani, naye kamgeuza ukutani.

Yule binti akamwambia, "Kaka, mzigo wako unakaguliwa, simama uuangalie. Kikipotea kitu usije kunilaumu."

"Kipotee. Siwezi kugeuka."

Kicheko kikafa. Hata yule jamaa wa baridi ya Dar, sijui nini kilimwingia, na yeye akageuka akatazama pembeni. Yule binti akalikunja gagulo vizuri, sasa kwa adabu, akakitoa kisu, akakuita wewe ufunge begi.

Nilinyanyuka. Nilijifuta uso kwa ncha ya kanga, nikaenda nikasimama nyuma yake, mbali panapofaa. Tangu amuoe binti yangu nilikuwa sijamwambia neno hata moja. Nikauambia mgongo wake, "Asante, mwanangu."

Naye hakugeuka. "Karibu, mama. Twende, ndege itatuacha."

Wewe ulilia kuanzia hapo mpaka tukafunga mikanda. Na viti ulivipanga vizuri, nikiri hilo: yeye mbele kabisa na mtoto, mimi nyuma na wewe. Nilikula karanga zangu na zako.

Nani alimfundisha? Uliniambia tukiwa Songea, na mpaka leo sijamsamehe baba yako kwa kunificha. Jioni ya kuamkia safari, wakati sisi tunagombana na mizani, Kaspari alimfuata baba yako zizini akamuuliza kwa nini mama anamkimbia. Na baba yako, mtu ambaye hajui soksi zake zinakaa wapi, akamjibu maneno ambayo mimi na wewe tulishindwa kuyasema kwa miaka. "Kwetu mama mkwe akikukimbia, amekuweka juu. Angekuwa hakutaki, angekaa hapo hapo akakutazama machoni." Wakakaa zizini mpaka giza likaingia, akamweleza yote, ya mkono, ya meza, ya kamba ya nguo. Ndiyo maana tulipofika Songea nilikuta nimeshapangiwa kulala nyumba ya shangazi yake, na njia yangu ya kwenda bafuni haipiti mlangoni kwake. Kaspari alikuwa amewapigia simu kwao usiku uleule.

Na mwezi ule, Bhoke, kwa zile kilo saba zako! Siku ya tatu mama yake Kaspari alinikuta nimejifunga kanga nasubiri gauni likauke. Akasimama mlangoni na sauti yake ile kubwa.

"Mama Bhoke, hivi huko Mara ng'ombe wote mnao, nguo hamna?"

"Nguo ninazo. Mwanao na mkewe wamenipimia kama kahawa."

Tukacheka mpaka shangazi akaja kuuliza kuna nini. Akafungua sanduku lake, akanivalisha. Jumapili tukaenda kanisani mimi nimevaa nguo zake kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, na watu wakimuuliza huyu nani, anawajibu, "Pacha wangu, alipotelea Mara." Kama ningekwenda na sanduku langu kubwa la bati, ningekaa mwezi mzima kwenye nguo zangu kama mgeni. Nilipendeza, tena kumpita mwenyewe, yeye alilikubali hilo.

Unga nao. Nilipoutoa kwa mbwembwe zote, alinishika mkono akanipeleka stoo. Magunia ya ulezi, yamepangwa mpaka darini! Nimebeba ulezi kuvuka nchi nzima kuwapelekea watu wanaolima ulezi. Nikakaza uso nikasema, "Wa kwangu una muhogo." Tukasonga ugali, Kaspari akapelekewa wake upande wa wanaume. Sahani ikarudi tupu na wewe ukaleta salamu: "Anasema mumwie radhi, mama, hajashiba."

Sasa mmehamia Lusaka, Zambia, kikazi, na mimi niko hapa, na wiki iliyopita umenilalamikia. Unasema nimechelewa kuja kwa sababu Kaspari anakataa kila nyumba mnayoonyeshwa. Hii nzuri, anakataa. Ile karibu na kazi, anakataa. Unasema anataka yenye chumba cha nje, chenye mlango wake na bafu lake, na mpaka aipate mnaendelea kubanana hapo mlipo. Mwanangu, usimgombeze. Mwanaume wa kabila lingine, katika mji wa nchi nyingine, anatafuta mlango wa kuniheshimu mimi, mama wa darasa la saba wa Turwa. Nimewaambia kanisani mara mbili. Padri mwenyewe ameshaifahamu hiyo habari.

Nasubiri. Nina raha, silalamiki. Nitakuja na begi moja, na safari hii nguo zangu nitazikunja mwenyewe.

Ila nina ombi. Miaka yote hii sijawahi kumtazama mkwe wangu usoni. Nina picha yenu ya harusi hapa ukutani, lakini picha si mtu. Nikitua uwanja wa ndege huko, mwambie asije mlangoni pamoja na ninyi. Asimame mbali, kule mwisho wanakosimama wenye magari, mahali penye mwanga. Nitakuwa bado natembea naja. Nimwone vizuri, mara moja tu, kisha nitainamisha macho yangu kama inavyotakiwa.

Mimi mama yako,
asiye na mfano katika Turwa nzima