Maiki Mezani, Risasi Zikilia

Baba Kulwa wangu,

Jana Jumamosi nimeshika maiki yako ya kutafsiria picha. Najua ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe, maana ni mimi niliyekuambia miaka yote kwamba kupayuka juu ya maneno ya watu wengine si kazi ya mtu mzima. Basi cheka. Nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe, na nimevaa kile kitenge cha kijani ulichokuwa unasema kinanifanya nitembee kama mke wa diwani.

Tangu ututoke, kibanda kimekuwa cha mpira tu. Wanakuja, wanashangilia timu za Ulaya, wanagombana, wanaondoka. Picha zako za mapigano zilibaki kwenye flashi, ndani ya lile kopo la maziwa juu ya kabati. Binti yako Doto akanikalia kooni: mama, watu wanaziulizia, mama, wewe unazijua zote. Ni kweli nazijua. Sikuogopa kutafsiri, Baba Kulwa. Niliogopa lile neno moja ulilokuwa unalisema risasi zikiisha. Kila nikilifikiria najiuliza, nikishalisema mimi, nani ataitikia? Kwa hiyo nikawa napiga chenga, wiki hii umeme si wa kuaminika, wiki ijayo nina kilio Runzewe, mpaka Doto akaenda mwenyewe akaandika ubaoni, nje, kwa chaki, kwamba Jumamosi Mama Kulwa atatafsiri.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe umetoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu kule Rwamgasa, umechoka kuchimba, umefungua kibanda umiza cha kuonyesha picha hapa Katoro nyuma ya stendi. Mimi nakaanga mihogo mlangoni pako na sina habari na wewe. Nilikuwa nasikia sauti tu. Na sauti hiyo, Mungu anisamehe, ilikuwa inanitia hasira. Risasi mdomoni mwako zilikuwa lisasi, na kila mtu kwenye picha zako alikuwa na adabu za Kisukuma. Jambazi anamwekea mzee bastola kichwani, kwako lazima aanze na shikamoo. Mzee anaitikia marahaba, anaulizwa wa nyumbani, anaulizwa mvua, halafu ndiyo anapigwa. Yule polisi wa kwenye theluji ulimfanya aseme mwangaluka, aamkie Kisukuma kabisa. Mzungu wa watu katamka neno moja na kufunga mdomo, wewe bado unauliza habari za ng'ombe.

Na watu walikupenda kwa hayo. Wachimbaji waliokuja kutoka kila kona ya nchi hii, Waislamu kwa Wakristo, walijazana kwenye yale mabenchi kukusikiliza, hata wale wasiojua mwangaluka ni nini.

Siku tuliyojuana ni ile ya steringi, shujaa wa picha, mwenye bastola mbili. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, koti refu, nywele zimelala vizuri, watu wazima na mabunduki yao wanamfyatulia pande zote na hapatwi hata na vumbi. Nikasema kutoka mlangoni, kwa sauti, kwamba huyo angekuwa ameshazikwa. Ukasimamisha picha. Ukauliza nani kasema. Watu wote wakageuka kumwangalia muuza mihogo, nami nikaona nikinyamaza nitaonekana mjinga, nikasema mtu anayepigwa risasi halafu anachana nywele mimi simwamini. Ndipo Shabani wa karasha, wa mashine ya kusaga mawe, yule aliyepitia mgambo na anayejiona ni mkuu wa majeshi, akadakia kwamba mama anasema kweli, na kwamba bastola ile haijajazwa tangu picha ianze. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya kibanda chako. Mapigano yakiisha unasimamisha, watu wanatoa hukumu: hii kweli, hii uongo. Uongo ulikuwa mwingi, na wewe ulikuwa unautetea kwa nguvu zote kwa sababu ulipenda koti refu. Mimi nilibaki na mihogo yangu na hukumu zangu, na baadaye kidogo nikabaki na wewe.

Halafu ikaja ile jioni ya majambazi. Nina mimba ya mapacha wako, siwezi hata kuinama. Watu wanakunja meza zao sokoni, jua bado lipo. Nikasikia kama mtu anapigilia bati mtaa wa pili, kwa yule mnunuzi wa dhahabu. Nikataka kuuliza nani anaezeka saa hizi. Ukanivuta ndani ukaniangusha nyuma ya benchi, ukanilalia kwa juu, viwiko vyako vimeshika sakafu usiniumize tumbo. Yakapigwa tena yale mabati. Halafu pikipiki ikaondoka, basi. Hakukuwa na muziki, hakuna aliyetoa hotuba. Mlinzi alijeruhiwa mguu akapona, namshukuru Mungu. Lakini kile kimya cha baadaye sitakisahau. Soko zima la Katoro, na kuku mmoja tu anayelia.

Na wewe, mwenye maneno kuliko redio, ulibaki umenilalia. Moyo wako ulikuwa unapiga mgongoni kwangu. Nikasubiri uniambie pole, au uniite jina langu, au hata ulie. Ukasema neno moja tu.

"Upo?"

Nikasema, "Nipo."

Mpaka uliponieleza, sikujua neno hilo umelitoa wapi. Ukaniambia duarani, baruti ikishalipuka, mtu haingii mpaka moshi utoke, na aliye juu anainama kwenye mdomo wa shimo anawaita walio chini, waliojikinga upande wa pili. Upo? Na aliye chini lazima aitikie. Hata kama amekasirika, hata kama aliye juu ndiye mtu aliyegombana naye asubuhi. Kunyamaza hakuruhusiwi, kwa sababu ukinyamaza watu watashuka kukutafuta ndani ya moshi. Ukasema hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote mgodini, mzima kukaa kimya.

Ukalileta mpaka nyumbani. Tukinuniana, mimi nimejifungia jikoni, nakusikia uani: upo? Nami kwa meno nasema nipo. Mara nyingi ugomvi uliishia hapo, maana ukishaitikia huwezi tena kurudi kununa vizuri. Ulikuwa mjanja wewe.

Jumamosi iliyofuata baada ya majambazi, mapigano yalipoanza kwenye picha, uliweka maiki mezani. Ukaikunjia kile kitambaa chako cha bluu, ukakaa, mikono magotini. Watu wakadhani unaumwa. Shabani akadai maneno, akasema yeye amelipia. Ukamwambia, "Risasi haina cha kutafsiriwa." Wakaguna, lakini wakatulia. Risasi zilipoisha, steringi akafungua mdomo aseme sijui nini huko kwao. Ukachukua maiki na kwa niaba yake ukauliza: upo? Mimi mlangoni, kijiko cha mafuta mkononi, nikaitikia nipo. Kibanda kizima kikacheka. Wiki iliyofuata hawakucheka, waliitikia na wao. Wote walishawahi kuitwa hivyo kutoka juu.

Tangu hapo ladha yako ikabadilika. Makoti marefu ukayaacha. Ukapenda ile ya kituo cha mafuta, ambayo mwanzoni nilisema haina maana. Polisi mzee na mwenzake wanavamiwa wakinunua soda. Hawaruki, hawabingiriki. Mzee anajificha mbele ya gari, kwenye injini, kwa sababu mlango ni bati tu na risasi inapita. Anajaza bastola, risasi zinamponyoka zinabingirika chini ya gari, anazitafuta kwa kupapasa kama mtu aliyedondosha kishikizo. Halafu inapigwa moja karibu na sikio lake, na picha nzima inakufa sauti, unabaki mluzi mwembamba. Mara ya kwanza watu walikupigia kelele utengeneze spika! Shabani ndiye aliyesimama akawaambia spika ni nzima, masikio ya mzee ndiyo yameziba. Wachimbaji wakaelewa hapohapo. Nani kati yao hajawahi kutoka duarani na mluzi ule akalala nao? Siku hiyo ulisimamisha picha ukauliza hukumu, na hakuna aliyebisha. Hii kweli.

Jana nimeonyesha hiyo.

Kibanda kilijaa, Baba Kulwa. Shabani alikuja, ndevu zimekuwa nyeupe, akakaa benchi lake la mbele akaniuliza kama leo shikamoo zitakuwepo. Nikazitoa zote. Muuza soda wa kituo cha mafuta alimwamkia polisi, polisi akamuuliza mashamba, akamuuliza na bei ya pamba. Watu walicheka, Doto akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikaanza kuona raha. Nikajua kwa nini uliipenda hii kazi, na nikajilaumu kidogo kwa kukuita mpayukaji. Kidogo tu.

Halafu mapigano yakaanza. Nikakunja kitambaa cha bluu, nikaweka maiki mezani, mikono magotini. Sauti ilipokufa, kijana mmoja mgeni akalalamikia spika, wenzake wakamnyamazisha. Ule mluzi ukapita. Risasi ya mwisho ikalia. Polisi mzee akainua kichwa nyuma ya injini, akamwita mwenzake aliye nyuma ya tairi la lori.

Nikachukua maiki. Neno likanigomea. Nilikuwa nalo hapa kooni, ila kulisema ilikuwa ni kukuita wewe, mbele za watu, na kungoja. Mzee kwenye picha akaita tena. Nikaona Doto ameshika mdomo. Nikasema moyoni, nimekuharibia, wataanza kutoka mmoja mmoja, na kesho kibanda ni cha mpira.

Hakutoka mtu. Shabani akageuka taratibu kwenye benchi lake, akaniangalia mimi, si picha. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeinama kwenye mdomo wa shimo.

"Mama Kulwa, upo?"

Nami nikakumbuka kwamba kunyamaza hakuruhusiwi. Nikasema kwenye maiki, nipo. Sauti ilitoka kubwa, ikagonga mabati. Kibanda kizima nacho kikaitikia, nipo, nipo, na wale vijana wa mpira wasiojua chochote wakaitikia pia. Nililia, ndiyo, lakini nililia huku natafsiri, na ukitaka kujua, sikukosea hata shikamoo moja.

Nimeshaandika ubaoni tena, safari hii kwa mkono wangu. Mihogo anakaanga Doto, anaunguza. Kulwa anakusalimu kutoka chuoni Shinyanga. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nimenenepa na kitenge kinanibana. Moshi haujatoka wote, lakini naona mbele.

Kwa hiyo huko ulikotangulia, usishuke kunitafuta. Ukiniita nisikusikie, usiwe na wasiwasi, jibu langu ni lilelile.

Nipo.

Mkeo,
Mama Kulwa