Gari Langu Lilionekana Granville

Doonside, Jumapili, Agosti 2021. Jua lipo lakini halina joto, na upepo unapiga madirisha tangu asubuhi.

Nina aibu leo. Naandika kwa sababu sijui pengine pa kuiweka.

Jana nilimwambia mke wangu, Rehema, kwamba nakwenda Granville, mtaa mwingine wa jiji letu, kumwona Shangazi Zuhura. Shangazi anaishi peke yake ghorofa ya pili, magoti yanamsumbua, na tangu lokdauni hii ya korona ianze hatoki kabisa. Ndiye aliyenilea Tanga, na ndiye aliyenileta huku ughaibuni. Kila akipiga simu kuuliza nitakwenda lini, namjibu, "Sheria hairuhusu, shangazi."

Uongo. Kwenda kumhudumia mtu kama yeye kunaruhusiwa. Ni uvivu wangu tu.

Rehema alifurahi mno. Akapika mahamri, akayatia kwenye bakuli yangali moto. "Mwambie nimemkumbuka," akasema.

Kumbe mimi nilikuwa nafuata kasha la kadi za picha za wachezaji wa mpira wa kikapu, kwa muuzaji niliyempata mtandaoni. Anakaa mtaa wa pili tu kutoka kwa shangazi.

Njiani askari alinisimamisha, akauliza naenda wapi mbali hivyo na nyumbani. Nikamwonyesha bakuli. Nikamweleza habari za shangazi, magoti yake, upweke wake, mpaka sauti yangu ikatetemeka. Yule kijana akaniambia nimtunze vizuri, akanipisha.

Nilianza kukusanya kadi mwaka jana, ghalani kazini walipotupunguzia zamu. Mwanzoni ilikuwa raha ya kweli. Nilikuwa na kadi chache, na kila moja naijua. Kisha seti zikaanza kumiminika. Kila wiki seti mpya: mchezaji yule yule, picha ile ile, ukingo wa bluu. Halafu wa kijani. Halafu unaong'aa. Sasa mchezaji mmoja ninaye mara tisa, na ukiniuliza ipi ni ya seti ipi, sijui. Najua tu kwamba ikitoka nyingine nitaitaka.

Kasha lilikuwa limeachwa kibarazani. Nililifungua garini, barakoa ikining'inia sikio moja, pakiti moja baada ya nyingine. Katika ya mwisho akatokea mchezaji yule yule tena. Safari hii ukingo wa zambarau.

Nikakaa pale nikimtazama, huku nakula mahamri ya shangazi.

Nikayamaliza yote.

Leo baada ya adhuhuri shangazi akapiga simu. Rehema ndiye aliyepokea, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Salimu, jana niliona gari lako likipita hapa chini. Nikabandika chai. Mbona hukupanda?"

Rehema akanigeukia. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunitazama vile.

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Nikasema nilifuata kadi, nikasema na mahamri nimekula mimi. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja.

Nikangoja shangazi anikaripie.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, shangazi."

"Alhamdulillahi. Mimi nilidhani umepata hiki kirusi, ukaja kunitazama kwa mbali usiniambukize. Tangu jana nakuombea dua, mwanangu."

Afadhali angenitukana.

Rehema ameingia chumbani. Kadi nimezirundika ndani ya sanduku la viatu. Sijazitupa, na sitajisifu kwamba nimepona.

Kesho nikitoka kazini nitapanda zile ngazi. Lakini atakapofungua mlango, akanishika mashavu kama kawaida yake kuhakikisha sina homa, nitayaficha wapi macho yangu?