Neema, Huko Japani Majani Sasa ni Mekundu

Neema, mutoto wangu wa kwanza,

Naandika mbele ya watu wote kwa sababu namba yako haiiti tena. Tangu ile muvua yenu ya mwezi wa sita, kimya. Watu wa chuo wanasema ulihama chumba, hawajui zaidi. Mukongomani yeyote aliye Japani akisoma hii, akuambie: maman yako anakutafuta.

Wewe ndiwe ulinifundisha Japani, mimi ambaye sikumaliza shule ya musingi. Majira yakibadilika ulinipigia, na mimi nikala pamoja nawe kwenye simu. Maua ya cerisier, ile miti yao ya maua ya pinki, yalipotoka, ulitandika mukeka chini ya muti, ukala wali wa kunata uliofungwa ndani ya jani. Mimi nilikaa na sahani ya ugali kwenye banc, kiti kirefu cha njiani, kule Uccle, mutaa wa wazungu, mbele ya nyumba ya yule bibi ninayemutunza, wazungu wananiangalia. Ulicheka mpaka simu ikaanguka.

Wakati wa baridi ulisema wanatupa soja za kukaanga mulangoni kufukuza mashetani. Nikasema, "Shetani haogopi maharagi." Ukajibu, "Bon, maman, wewe omba, mimi nitupe. Mumoja wetu atamupata."

Na yale ya mwezi wa nane: wafu wanarudi kwao, watu wanawasha moto mulangoni ili waone njia. Hayo nilikukatalia kabisa, wewe mutoto wa kubatizwa.

Mwaka huu mwezi wa nane ulifika bila sauti yako. Nikawasha bougie, mushumaa, mulangoni, hapa kwangu Saint-Gilles, juu ya ngazi, ili uone njia. Iliwaka vizuri. Halafu nikakumbuka ule moto ni wa nani. Niliizima na kiganja, nikaungua, nikakaa palepale nasema hapana, hapana, huyu ni muzima. Jirani akatoka kuniuliza hali: "Ça va, maman?" Nikaitika ça va.

Sasa wakitangaza tufani huko, sahani inanishinda kumaliza. Nilinunua viazi vitamu Matonge ya hapa, kwenye maduka ya Waafrika, nikavichoma kama vyenu vya majira haya. Vimelala kwenye four, jiko la kuokea.

Kama masomo yameshindikana, si kitu. Kama uko na mutu, si kitu. Kama ni mimi nimekuchosha, andika tu "umenichosha." Nitajua kuna mukono ulioandika.

Mungu akulinde, lakini wewe unijibu.

Maman yako