Kipa Tulimwandika Mwisho

Al-Murabba, Riyadh

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha imeletwa kwa mkono wa mtu, na simu ipo, moyo utakuruka. Tulia. Mimi ni mzima, mikono miwili, miguu miwili, na meno yote isipokuwa lile unalolijua. Goti lako la kushoto laendeleaje na baridi ya Wundanyi? Ng'ombe amezaa, au bado anatuzungusha? Huyo aliyekuletea barua ni Otieno, mwenzangu wa chumba hapa na beki wetu wa kulia. Mpe chai na kitu cha kutafuna. Ana maneno mengi lakini ni mtu mwema.

Idi alipofariki nilikwambia kwa simu kuwa ni moyo. Nikakwambia pia kuna mtu mmoja ninamchukia, nawe ukaniambia, "Msamehe, mwanangu, kisasi ni cha Mungu." Nikanyamaza, maana chumbani tulikuwa saba na kila mmoja ana masikio. Leo nakueleza yote. Na nakwambia mapema, Mama, usisome ukitafuta mahali nitakaposamehe. Hapapo.

Mkuu wetu wa walinzi pale kwenye jumba la maduka, mtaa wa Olaya, tulimbandika jina Bwana Firimbi. Mfilipino humwita Ramon. Mnepali humwita Prakash. Mmisri humwita ustadhi, na kumshika bega. Sisi weusi hutuita kwa firimbi. Mlio mmoja, aje aliye karibu. Milio miwili, tuje wote. Na firimbi isipokuwa mdomoni, basi ni "ya abdi", maana yake ewe mtumwa. Miaka miwili nimefanya kazi chini yake na hakuwahi kuniuliza naitwa nani.

Mwanzoni tulifanya mzaha. Idi ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha huo; firimbi ikilia alikuwa akibweka kwa sauti ndogo, hau hau, halafu anakwenda mbio huku sisi tumeshika mbavu. Unamkumbuka Idi, yule kipa wa Kwale aliyekula ugali wako sufuria nzima tulipokuja kucheza Voi. Mimi nilikuwa nikichezea timu ya shamba la mkonge, yeye timu ya Mombasa, tukilipwa kwa kucheza, tukijiona wakubwa. Wakala alituahidi huku kuna klabu inayotafuta wachezaji. Tulipofika tukapewa sare za ulinzi.

Ilikuwa Ramadhani, saa saba mchana. Idi alikuwa amefunga, lango la maegesho, hapana kivuli hata cha kuficha kidole. Bwana Firimbi alikuwa ndani ya kibanda cha kioo chenye ubaridi. Akapuliza, Idi akavuka uwanja wote wa magari kwenda kumwondolea mtu kizuizi. Akarudi. Akapuliza tena, akavuka tena. Mara ya mwisho alipovuka hakufika. Mimi nilikuwa lango la pili, nikamwona akianguka, nikaacha kazi nikakimbia. Nilipofika, Bwana Firimbi alikuwa amesimama juu yake anapuliza. Mama, mtu amelala kifudifudi juu ya lami, naye anampulizia firimbi! Akanitazama akasema, "Huyu amelala kazini." Idi hakuwa amelala. Karatasi ya hospitali iliandikwa moyo, na wakamzika huku huku, mamake hakuona hata udongo.

Nilitaka kumuua. Nasema kama lilivyo. Siku nyingi nilikwenda kazini nikipima shingo yake kwa macho.

Sasa sikiliza. Pale Olaya kuna duka la televisheni, na vioo vyake vinatazama lango langu. Siku moja kwenye skrini zote nikaona wachezaji weusi wa Amerika, wale wa mpira wa kubeba mkononi, wimbo wa taifa lao unaimbwa nao wamepiga goti moja chini, uwanja mzima unawazomea. Otieno alisoma maandishi akaniambia ni kwa sababu polisi wanawaua weusi wenzao.

"Captain, umeona hao wasee?" akaniuliza. "Hawajatupa hata jiwe. Wamepiga goti tu, na nchi nzima imewaka."

Wewe ulikuwa mwalimu, Mama. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba bendera ikipandishwa hata mpita njia anasimama na mzigo wake kichwani. Ndiyo maana jambo lile liliniingia. Nilijua lina uzito gani.

Kila majira ya baridi mwenye kampuni, mzee tunayemwita Shekhe, huandaa mashindano ya mpira ya wafanyakazi wake. Kila nchi na timu yake. Kabla ya mechi nyimbo za mataifa mawili hupigwa kwa spika, Shekhe amekaa kwenye kiti chake na wageni wake. Refa ni nani? Ni nani mwingine mwenye firimbi!

Tukakubaliana, kumi na mmoja. Nusu fainali, hapa Riyadh, wimbo wetu ukianza tunapiga goti, ili Shekhe aulize kuna nini, nasi tumwambie mbele ya watu. Wimbo ukaanza. Tukashuka, goti moja chini, vichwa tumeviinamisha. Na Shekhe kweli akasimama, uso umekunjuka kwa furaha, akasema, "Mashallah! Mashallah!" Akawaambia wageni wake waone jinsi Waafrika hawa walivyo wachamungu, wanaomba dua kabla ya mechi. Tulipowafunga Wanepali akaamuru kila mmoja wetu apewe katoni ya tende. Aliyezigawa ni Bwana Firimbi, na Shekhe akampa mkono kwa kutulea vizuri.

Tulitaka kumvua nguo, tukamvika joho. Nilikula zile tende kwa hasira hadi tumbo likaniuma.

"Tumekosea sisi," Otieno akasema. "Hata nyumbani timu ikipiga goti kila mtu anajua ni maombi. Goti la Amerika ni la Amerika."

"Basi tutakaa," nikasema. "Tutakaa matako chini, miguu tumeinyoosha."

"Na viatu?"

"Soli zimtazame yeye."

Huku, Mama, kumwelekezea mtu soli ya kiatu ni tusi lisilohitaji mkalimani. Mtoto mdogo analijua. Hilo hakuna atakayelisoma kuwa dua.

Fainali ilikuwa Jeddah, uwanja mmoja mtaa wa Al-Rawdah, karibu na nyumba ya Shekhe. Tulipelekwa kwa basi la kampuni, na njia nzima nilikuwa nakariri sentensi chache za Kiarabu nilizofundishwa na Msudani mpika chai. Orodha ya timu tuliiandika wenyewe, jina la kila mtu na la babake. Desturi ni kumwandika kipa wa kwanza. Sisi kipa tulimwandika mwisho, na jina tuliloliandika halikuwa la yule kijana wa Kitale anayetudakia sasa. Bwana Firimbi aliipokea akaitia mfukoni bila kuitazama. Nilijua hataitazama.

Wafilipino wa Jeddah wakaimba wimbo wao. Kisha wimbo wetu. Tukakaa. Tulikaa kwenye nyasi, miguu mbele, soli kumi na moja za kulia na kumi na moja za kushoto, zote kwake pale katikati ya uwanja. Nilikuombea radhi kimoyomoyo, Mama, kwa sababu wimbo haukuwa na kosa. Lakini sikusimama.

Wimbo ukaisha. Akapuliza. Hatukuinuka. Akapuliza mara mbili, ule mlio wetu wa kuja wote. Hakuna aliyejikuna hata sikio. Akaja mbio, uso umemwiva. "Yalla! Yalla!" Shekhe akashuka kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, akauliza kuna nini.

Nikasema nilichokariri: "Ya Shekhe, sisi tuna majina. Karatasi iko mfukoni mwake. Akituita kwa majina tutasimama."

Shekhe akaitazama firimbi. Akazitazama soli zetu kwa muda. Akamwambia, "Soma."

Mama, ngoja nikuonjeshe utamu. Yule mtu alikunjua karatasi, akasoma. Kila aliyeitwa alijibu "Naam!" na kusimama, polepole, kama mwenye nyumba anayemfungulia mgeni. Otieno alimwita Utinu. Otieno akatazama mawingu. Akarudia Utiyanu. Otieno akafunga kamba za viatu. Mara ya tatu akapatia, na Wafilipino wakapiga makofi. Langu alilisoma vizuri mara ya kwanza, nikamtazama machoni nikasema naam.

Likabaki moja. Yule kijana wetu wa Kitale alikuwa bado ameketi, kama tulivyopanga.

"Idi Hamisi," akasoma.

Akamnyooshea kidole yule kijana. Kijana akatikisa kichwa. Akaita tena kwa hasira, akiuliza yuko wapi, "Idi Hamisi! Wen Idi Hamisi?" Hakulijua! Mtu aliyemuua, Mama, hakulijua jina lake, akawa analiita kwa sauti uwanja mzima, mara tatu, mara nne, anageuka huku na huku anamtafuta.

Nikamwambia mbele ya Shekhe, "Ndiye yule uliyempulizia firimbi akiwa tayari amekufa."

Shekhe akauliza, "Yule wa Ramadhani?" Mzee akasema inna lillahi, akaenda zake kwenye gari bila kuaga wageni. Mechi haikuchezwa. Na yule mtu akaivua firimbi shingoni akanirushia usoni. Ilinipasua mdomo kidogo, na nilicheka damu inatoka. Sijacheka hivyo tangu nitoke nyumbani.

Usidhani haki ilitendeka. Shekhe hakumfukuza. Otieno na mimi ndio tuliofukuzwa. Ikama zetu, vibali vya kuishi huku, zimechukuliwa, karatasi ya Otieno ya kutoka nchini imetangulia kuja, yangu naisubiri hapa Al-Murabba nikihesabu nyufa za dari. Wengine tisa wamebaki kazini. Lakini Shekhe ameamuru walinzi wote waitwe kwa majina. Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Firimbi anasimama na orodha, anasoma, wanaitika. Na kila asubuhi akimaliza, mtu mmoja nyuma anaongeza, "Idi Hamisi!" Mara Mkenya, mara Mnepali, juzi alikuwa Ramon. Anageuka, hajui ni nani. Wananiambia amekonda. Namwombea aishi miaka mingi katika kazi hiyo.

Nisalimie Shangazi wa Mwatate, mwambie shuka alilonipa bado ninajifunika. Nisalimie Mjomba Mwakio kinyozi wa sokoni, na mke wa kaka, nasikia amejifungua, hongera yake. Na yule mwalimu mkuu wako wa zamani, ukimweleza habari ya kukaa wimbo ukipigwa, mweleze yote au usimweleze kabisa.

Jambo la mwisho. Kitu kigumu unachokigusa chini ya bahasha ni hiyo firimbi. Usiipulize. Shuka nayo Kwale, Otieno atakusindikiza, umpe mamake Idi mkononi mwake. Mweleze ni nini na imetoka wapi. Kisha yale maneno uliyoniambia mimi kwa simu, ya kusamehe, mwambie yeye, akiwa ameishika. Atakalojibu, nitalifuata.

Mwanao ambaye bado hajasamehe,
Mwadime