Homa Niliyojipa Siku ya Maziko ya Bi. Riziki

Jumatano, Mfungo Mosi, 1958. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu mbaya kuliko hiyo mvua.

Nnaandika nyuma ya daftari la shule la mwanangu Salma, kwa sababu sina mtu wa kumwambia haya. Baba yake yuko kazini Malindi hapa mjini, anashusha mizigo bandarini, na hata angekuwapo nisingemwambia zaidi ya anayoyajua. Shoga yangu niliyekuwa nikimwambia kila kitu, Bi. Riziki, tumemzika Jumamosi.

Tumemzika! Wamemzika. Mimi siku ile nyumbani kwake sikutia mguu.

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Nimerithi kwa bibi yangu, na mtaa wetu huku Ng'ambo, akifa mwanamke, mlango wa kwanza kugongwa ni wangu. Nimeosha wenye bangili za dhahabu, nimeosha na masikini za Mungu ambao sanda yao ilichangwa msikitini. Wote nimewasuka nywele misuko mitatu kama inavyotakiwa, na sijapata kumkatalia mtu.

Halafu ikaja siasa. Sasa kuna sisi na kuna wao. Kuna duka letu na duka lao, basi letu na basi lao. Watu waliokula sahani moja wakipishana uchochoroni wanageuza shingo. Jirani akifa, mtu haendi msibani mpaka aulize kwanza marehemu alikuwa na kadi ya chama gani. Kadi! Kana kwamba Munkar na Nakir, malaika wa kaburini, nao wataitaka.

Bi. Riziki alikuwa wa chama chao na mimi wa chama chetu. Mwaka jana wanawake walipopigana mferejini, penye bomba la mtaa, hawa wakiwazuia wale kuteka maji, mmoja akapasuliwa kichwa kwa debe, ni yeye aliyekuja kwangu asubuhi yake. Hakukaa hata kitako. Akasema, "Mwanakheri, wewe wa huko, mimi wa huku. Tukikaa pamoja pale mferejini, ama watatupiga sote wawili, ama hawatampiga mtu."

Tukaenda. Kila mmoja kachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, tukaiweka pale, tukakalia. Wiki nzima, toka asubuhi mpaka adhuhuri. Debe moja la kwetu, debe moja la kwao, kwa zamu. Tulitukanwa, msinambie! Tukaitwa vigeugeu, tukaambiwa tumelishwa limbwata. Bi. Riziki alikuwa na ulimi, akiwajibu mpaka wenyewe wanacheka. Wiki ilipokwisha maji yakatekwa bila ya sisi kulinda.

Wakatufuata wanawake wengine watatu, tukawa watano. Tukazunguka nyumba kwa nyumba. Hatukumwambia mtu ahame chama chake. Tuliomba mawili tu: maji yasizuiwe, na maiti aoshwe na azikwe bila ya kuulizwa alikuwa wapi. Msemaji mkubwa nilikuwa mimi. Mdomo huu! Nilikuwa nikikaa kwenye mikeka ya watu nikiwaambia kuwa mwenye kumsusia maiti amejisusia mwenyewe, na watu wakitikisa kichwa, "Kweli, Bi. Mwanakheri, kweli."

Mganga hajigangi.

Alipoanza kuumwa nilikuwa nikenda kila siku, kwa mlango wa uani nisionekane. Hilo pia ni aibu, lakini nilijidanganya kuwa ni busara. Wiki iliyopita akanishika mkono akasema, "Nikifa asinishike mtu ila wewe. Wallahi akinishika mwengine ntainuka." Nikacheka, nikamwahidi. Binti yake Zuwena alikuwapo, akasikia.

Ijumaa, hali yake ishakuwa mbaya na mtaa mzima unajua, akaja Bi. Kibibi, mkubwa wa wanawake wa tawi letu. Nikamtandikia mkeka, hakukaa. Akaniuliza harusi ya Salma lini. Nikamwambia Mfungo Tatu, inshallah, baada ya Idi Kubwa. Akasema, "Basi sikiliza. Ukiingia nyumba ile ukamwosha yule, harusi yako utapika mwenyewe, na utakula mwenyewe. Hatuji hata mmoja. Na familia ya bwana harusi ni watu wa tawi, nao nshazungumza nao."

Hakupandisha hata sauti. Akanambia kwaheri, akenda zake.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Nilijua kabla sijasikia sauti. Alikuwa mjomba wake Zuwena, kaja kuniita: Bi. Riziki kafa alfajiri. Nikamwambia baba Salma, "Mwambie nna homa." Akaniangalia. "Una homa?" "Nimesema mwambie!" Akenda akamwambia. Nikamsikia yule mzee anasema, "Maskini, Mungu ampe shifaa," na ndala zake zikashuka baraza.

Nikavuta blangeti mpaka kichwani. Joto lote lile, nikatoka jasho, na nikafurahi. Wallahi nilifurahi, kwa sababu mtu akichungulia angeona jasho.

Mle ndani Salma peke yake ndiye aliyeniamini. Alinikanda kichwa kwa maji ya baridi huku ananisomea Ayatul Kursiyyu.

Alasiri nikawasikia wanaume wanapita na jeneza, wanasema la ilaha illallah. Nilishangaa mbona wamechelewa vile. Maiti wa alfajiri huku kwetu adhuhuri keshazikwa. Nikasema labda kaburi limejaa maji kwa mvua, nikajigeuza upande wa pili. Jioni Bi. Kibibi akaniletea sahani ya visheti. "Sasa wewe ni mwenzetu," akanambia. Nikala kimoja. Nikala na cha pili.

Wale watatu tuliokuwa tukizunguka nao hawajanijia tangu siku ile. Wao wana akili, homa za namna hii wanazijua.

Jana wameondoa matanga. Leo asubuhi, mvua inanyesha, hodi. Nikajua Bi. Kibibi tena. Kumbe Zuwena, kajifunika buibui limerowa chapachapa, na mkononi ana bakuli la uji wa pilipili manga, kalifunika kwa kawa lisiingie maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukutazama. Nilisema matanga yakiondoka tu ntakuja. Homa vipi?"

Mtoto kafiwa na mama yake, anakuja kunitazama mimi! Nikasema tu kuwa sijambo kidogo. Akaninywesha ule uji kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, nami nikafungua kinywa. Nilipomaliza hakuondoka. Akawa anapindapinda ncha ya buibui.

"Mama, nnataka kukuuliza. Walitaka kumleta mwosha wa mtaa wa pili, mimi nikakataa. Nikasema mama kamtaja Bi. Mwanakheri, na homa huenda ikapungua. Tukakungoja. Adhuhuri ikapita, sheikh akatugombeza, akasema mnamkalisha maiti kwa nini. Ndipo nikaingia mwenyewe na shangazi yangu wa shamba, na yeye hajui."

Walikuwa wakiningoja. Wamemlaza kitandani tangu alfajiri mpaka alasiri wakiningoja mimi, na mimi niko nyumba ya nne, chini ya blangeti, mzima kama kigongo.

"Maji ya mkunazi nilitia," akaendelea. "Nywele nilimsuka. Lakini maji ya mwisho nikasahau kutia kafuri. Nimekumbuka kishafungwa sanda. Sijalala tangu siku ile. Nimemharibia mama yangu?"

Nikamwambia hapana. Kafuri ni sunna, ukiisahau maiti keshatahirika, na hakuna mkono bora wa kumwosha mama kuliko wa mwanawe. Hayo ni kweli, nimeyajua tangu utoto. Lakini kweli yenyewe ilikuwa imenikaa kooni pamoja na uji wake, na sikuitoa. Akalia pale, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akanambia, "Mungu akuweke. Ukipoa nifundishe, nisije nikamkosea mtu mwengine." Halafu akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama anavyofanya Salma, akasema, "Alhamdulillahi, imepungua."

Akenda zake mvuani.

Tangu saa ile nnamchukia Bi. Kibibi, namchukia mpaka meno yananiuma. Lakini Bi. Kibibi hakunishika mikono. Alinitisha kwa pilau, basi. Nimemuuza shoga yangu kwa sababu ya nani atakula pilau yangu na nani hataila. Wiki nzima nilikaa mferejini nikitukanwa na sikuogopa, na nilikuwa nikijiona shujaa. Sasa najua sikuwa shujaa. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa shujaa.

Na hiyo kazi yetu, ile ya watano, nani atanisikiliza tena? Nikimwambia mtu nenda kazike, nitamtazama kwa jicho lipi?

Nikimwambia Zuwena kweli, nitampoteza, na harusi ya Salma itavunjika kabla ya Idi, maana mtaa huu hauna siri, na tawi likisikia nimemtaka radhi mtu wa chama chao halitanisamehe. Nisipomwambia, atakuja kwangu kila siku kujifunza kuosha, ataniita mama, na siku yangu ikifika ndiye atakayenishika. Mikono yake hiyo hiyo. Astaghfirullah.

Bakuli lake liko hapa mbele yangu, nshaliosha. Kesho nilirudishe. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukitia chumvi, hata ukitia ndimu mbili. Nimekaa tangu alasiri nnalitazama, na sijui nitatia nini.